Karakana ya Diski za Nje, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo: Tathmini ya Huduma kwa Diski Isiyotambuliwa na Kompyuta

Katika Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, juu ya maduka ya vipuri vya simu, ipo karakana ndogo ambayo kazi yake kubwa ni diski: diski za kompyuta mpakato, diski za kamera za ulinzi, na zaidi ya zote diski za nje, zile ambazo mjini kila mtu anaziita eksteno. Haina bango barabarani. Wateja huelekezana kwa mdomo, na mgeni hufika kwa kumuuliza mlinzi wa jengo. Ofisi yetu ya upimaji ardhi, iliyopo Tabata, ilipeleka pale eksteno ya TB 2 iliyokuwa imeacha kutambuliwa na kompyuta, ikiwa na ramani za viwanja, picha za mipaka na mahesabu ya upimaji ya wateja wa Chanika, Kigamboni na Kibaha. Ninaandika tathmini hii kwa sababu namna mafundi wa pale wanavyoikabili diski isiyosomwa inatofautiana sana na niliyoizoea katika maduka ya kompyuta ya jiji hili, na tofauti hiyo ndiyo iliyookoa kazi za watu.

Kabla ya kufika Kariakoo tulipitia duka moja la jirani na ofisi. Kijana aliyetupokea aliichomeka diski, ikaonekana kwa muda, kisha Windows ikatoa ujumbe kwamba diski inatakiwa kufomatiwa kabla ya kutumika, naye akapeleka mshale moja kwa moja kwenye kitufe cha kukubali. Tulimzuia. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo; kwa mtazamo wake, diski ikifomatiwa na kuonekana tena kwenye kompyuta, kazi imekwisha na mteja anaondoka na kifaa kinachofanya kazi. Lakini sisi hatukuwa tunaihitaji diski, ambayo dukani inanunulika. Tulihitaji kilichokuwa ndani yake, na ujumbe ule wa Windows hausemi kwamba ndani hamna kitu. Unasema tu kwamba kompyuta imeshindwa kuuelewa mfumo wa mafaili uliopo, yaani mpangilio unaoonyesha kila faili limekaa wapi. Anayekubali kufomati kwa njia ya haraka anaandika mfumo mpya juu ya ule wa zamani, na hapo kuyapata mafaili pamoja na majina na folda zake kunakuwa kugumu zaidi. Anayechagua kufomati kikamilifu anapoteza kila kitu, kwa kuwa tangu Windows Vista njia hiyo huandika sifuri kwenye diski nzima.

Fundi wa Mtaa wa Aggrey hakuichomeka diski yetu popote alipoipokea. Aliishika mkononi, akaigeuza, akauliza: "Dada, ndani kuna nini, na kuna nakala mahali pengine?" Nilipomjibu kwamba kazi za miezi ya karibuni hazikuwa na nakala kokote, alisema kwamba basi hiyo ni kazi ya kuokoa taarifa, si ya kutengeneza diski, na kwamba bei na utaratibu wake ni tofauti. Baadaye nilimsikia akiwauliza wateja wengine swali lilelile kwa maneno yaleyale. Mwenye nakala hutengenezewa kwa haraka na kwa bei ndogo, hata ikibidi kufomati. Asiye nayo huingizwa kwenye utaratibu mwingine kabisa, wenye tahadhari katika kila hatua. Kwa maoni yangu swali hilo moja linatosha kumtambulisha fundi wa diski, na mteja anayekwenda karakana yoyote asikie kwanza kama ataulizwa.

Uchunguzi wenyewe ulianzia nje, kwenye vitu vya bei ndogo. Fundi alibadilisha waya, akatumia ya kwake fupi badala ya yetu ndefu, na akaichomeka kwenye tundu la nyuma la kompyuta ya mezani, si la mbele. Alieleza sababu bila kuombwa. Matundu ya mbele huunganishwa na ubao mkuu kwa nyaya za ndani ambazo mara nyingi ni nyembamba au zimelegea, ilhali ya nyuma yamo kwenye ubao wenyewe. Tundu la USB 2.0 limewekewa kikomo cha miliampia 500 na la USB 3.0 miliampia 900, kwa volti 5, lakini diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzungusha sahani zake, zile duara za ndani zinazohifadhi taarifa, inaweza kuhitaji karibu ampia 1 kwa muda mfupi. Diski iliyochoka kidogo, waya ndefu ya bei rahisi, na kigawanyio cha USB kinachohudumia kipanya, printa na modemu kwa pamoja: hapo taa ya diski huwaka, mtu akadhani umeme upo wa kutosha, kumbe mota haifikii kasi yake na kompyuta haioni chochote. Mlio mdogo wa kujirudia kama wa kengele hafifu ni dalili mojawapo ya mota inayoshindwa kuanza. Kwa zile eksteno kubwa za inchi 3.5, ambazo haziwezi kuendeshwa na USB peke yake na hutegemea adapta ya volti 12, alituonyesha sanduku la bodi zilizoungua kwa sababu mwenye nazo alichomeka chaji ya kompyuta mpakato ya volti 19, kwa kuwa kichwa chake kiliingia vizuri. Nilipoliona sanduku lile nilirudi ofisini nikabandika karatasi yenye jina kwenye kila adapta tuliyo nayo.

Kwenye diski yetu, waya mpya ilifanya ionekane, ikapotea, ikaonekana tena. Tundu lake, lile pana na bapa la USB 3.0, lilikuwa limelegea kwenye bodi, na pini zake zilikuwa zimeanza kushika kutu ya kijani. Fundi alisema kutu hiyo ni ya kawaida kwa diski zinazotoka Msasani, Mbezi Beach na Kigamboni, na ni kweli kwamba yetu huwa inabebwa kwenda Kigamboni karibu kila wiki. Alizisafisha pini kwa spiriti na brashi laini, lakini hakuridhika nazo.

Niseme hapa jambo nililoliona nikiwa nasubiri, kwa sababu lilinionyesha uaminifu wao kuliko maelezo yoyote. Aliingia mwanafunzi wa chuo na eksteno ambayo, kwa maneno yake, "imekufa", kwani kompyuta yake ya Windows ilitoa mlio wa kuipokea lakini haikuonekana miongoni mwa diski. Fundi alifungua sehemu ya Windows iitwayo Disk Management, na diski ikaonekana pale ikiwa nzima, ukubwa wake kamili, ila haina herufi, kama ile D: au E: ambayo Windows huipa kila diski. Ilikuwa imefomatiwa kwenye kompyuta ya Apple kwa mfumo wa APFS, ambao Apple iliuanzisha mwaka 2017 kwenye kompyuta zake na ambao Windows haiusomi bila programu ya ziada. Diski haikuwa na ugonjwa wowote. Fundi alimwelekeza ahamishe mafaili kwa kutumia kompyuta ileile ya Apple, kisha aifomati kwa exFAT, ambayo Windows na Apple zote husoma na kuandika, na hakumtoza hata shilingi. Mteja mwingine alikuwa na tatizo jepesi zaidi: diski yake ilipewa herufi iliyokuwa tayari imechukuliwa na folda ya mtandao wa ofisi, na alipobadilishiwa herufi kila kitu kilirudi. Wote wawili wangeweza kuambiwa kwamba diski zao zinahitaji matengenezo makubwa, nao wangelipa, kwa kuwa hawakuwa na njia ya kujua. Yeyote mwenye kompyuta ya Windows anaweza kufanya uchunguzi huo wa herufi nyumbani, mradi asikubali ombi lolote la kufomati, na asikubali ombi la kuiandaa diski upya ambalo Windows hulitoa inaposhindwa kusoma jedwali la patisheni, yaani orodha ya sehemu ambazo diski imegawanywa.

Turudi kwenye diski yetu. Kabla ya kulifungua kasha, fundi aliiweka sikioni akaisikiliza ikizunguka, kisha akanipa nami nisikilize. Diski nzima hutoa mvumo wa chini usiobadilika. Ikigonga, yaani tak, tak, tak kwa mpangilio, vichwa vya kusomea vimeshindwa kupata njia yake, na kila dakika inayoongezwa ya kuiwasha inaweza kukwangua sahani. Angeusikia mlio huo wa kugonga, alisema, angeizima palepale na asingeendelea. Yetu ilivuma kawaida. Akalifungua kasha, akaondoa ile bodi ndogo inayobadilisha SATA, yaani muunganisho wa ndani wa diski, kuwa USB, na akaiunganisha diski moja kwa moja kwenye kompyuta kwa SATA. Ikatambuliwa mara moja na haikupotea tena. Hapa tulikuwa na bahati ya muundo: baadhi ya eksteno, zikiwemo nyingi za aina ya My Passport kutoka Western Digital, zina tundu la USB lililochomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe, na nyingine husimba taarifa kupitia bodi hiyo, hivyo kuitoa diski kwenye kasha hakusaidii. Inafaa kumuuliza fundi yeyote kama analijua hilo kabla hajachukua bisibisi.

Fundi asiye na subira angeishia hapo, akatuuzia kasha jipya na kutuaga. Huyu alisoma kwanza kumbukumbu ya S.M.A.R.T., ambayo diski hujiandikia yenyewe kuhusu hali yake, akatuonyesha mstari wa sekta zinazosubiri, yaani sehemu ambazo diski ilijaribu kuzisoma ikashindwa na bado haijaamua la kuzifanya. Idadi ilikuwa inapanda huku tukitazama. Kwa hiyo tulikuwa na maradhi mawili: tundu lililolegea, ambalo ndilo lililofanya kompyuta isiione diski, na uso wa sahani ulioanza kuharibika, ambao ndio uliofanya Windows iombe kufomati pale ilipoiona. Kutibu la kwanza na kuendelea kuitumia diski kungetupa wiki chache za furaha. Alieleza pia kwa nini hakuiruhusu Windows kuirekebisha diski kwa chkdsk, amri ambayo watu wengi huikimbilia. Amri hiyo ikiruhusiwa kurekebisha huandika kwenye diski ileile inayougua na huweza kukata minyororo ya mafaili ambayo ingewezekana kuiokoa. Inafaa kwa diski nzima iliyochomolewa vibaya, haifai kwa diski inayokufa.

Njia aliyoitumia ni ya kunakili kwanza. Kwa kompyuta ya Linux na programu ya bure ya GNU ddrescue, diski yote ilinakiliwa sekta kwa sekta kwenda diski nyingine isiyo na hitilafu, pasipo kuandika chochote kwenye yetu. Programu hiyo hupita kwanza kwenye maeneo yanayosomeka kwa wepesi, huyaruka yenye shida, na huyarudia mwishoni, ili diski ikifa katikati ya kazi, kilicho kizuri kiwe tayari kimeokolewa. Huandika pia faili la ramani linaloonyesha kipi kimesomwa na kipi bado, na kwa mji wetu faida yake ni kubwa: umeme ukikatika, kazi huendelea pale ilipoishia. Umeme ulikatika kweli. UPS yao, yaani betri ya akiba ya kompyuta, ilishikilia muda wa kutosha kuzima kila kitu kwa utaratibu, na waliporudisha, hesabu haikuanza upya.

Baada ya nakala kukamilika, diski yetu iliwekwa kando na haikuguswa tena. Kazi yote iliyofuata ilifanyika kwenye nakala. Mfumo wa mafaili ulikuwa NTFS, ambao huweka nakala ya sekta yake ya mwanzo mwishoni kabisa mwa patisheni, na programu ya TestDisk, nayo ya bure, iliweza kuirudisha sekta ya mwanzo kutoka kwenye nakala hiyo. Folda zetu zikafunguka kwa majina yake, kata kwa kata, mtaa kwa mtaa. Sehemu ndogo ya picha za mawe ya mipaka haikusomeka, na ramani chache zilifunguka zikiwa na mistari iliyokatika. Mahesabu yote yalipatikana. Kwa wateja wetu hiyo ndiyo sehemu yenye thamani, kwa sababu ramani inaweza kuchorwa tena kutokana na mahesabu, bali mahesabu hayapatikani tena bila kurudi shambani na vifaa.

Ninawapongeza pia kwa yale wanayokataa kufanya. Hawafungui diski yenyewe, yaani ule mfuniko wa chuma unaofunika sahani, kwa kuwa hawana chumba kisicho na vumbi, na vichwa vya kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, ambapo chembe ya vumbi ni kikwazo kikubwa mno. Anayeleta diski inayogonga huambiwa wazi kwamba uwezo wao umeishia hapo, na hatozwi chochote. Hawabadilishi bodi ya diski kwa kuchomoa na kuchomeka ya diski nyingine inayofanana, maana diski za miaka ya karibuni huhifadhi vipimo vyake maalumu kwenye chipu ya bodi, na chipu hiyo lazima ihamishwe. Na walimkatalia kwa upole mzee mmoja aliyeshauriwa kuiweka diski kwenye friza usiku kucha: kwa unyevu wa Dar es Salaam, diski inayotolewa kwenye baridi hutoa jasho ndani na nje, na maji kwenye sahani humaliza lililobaki.

Zipo kasoro, nami ninazitaja kwa sababu ninataka huduma hii iendelee na iboreke. Kubwa kuliko zote ni maandishi. Walitupa maelezo mazuri sana kwa mdomo, lakini hatukupewa ripoti yoyote inayosema kilichokutwa, kilichofanyika, kiasi kilichosomwa na orodha ya mafaili yaliyoharibika. Orodha hiyo tulilazimika kuitengeneza wenyewe kwa kufungua faili moja moja. Ofisi inayowajibika kwa wateja inaihitaji karatasi hiyo, na programu waliyoitumia tayari huandika takwimu zote, hivyo wangehitaji tu kuzichapa. Fomu ya kupokelea haina nafasi ya namba ya mfululizo ya diski mpaka mteja aombe iandikwe, jambo ambalo katika chumba chenye diski nyingi nyeusi zinazofanana ni hatari. Muda walioahidi ulipita bila sisi kupigiwa simu. Ngazi ni nyembamba na zenye giza, na mtu mzima mwenye magoti mabovu atateseka kuzipanda.

Kuhusu usiri nilikuta hali nzuri kuliko nilivyotarajia, ingawa nayo inategemea neno la mtu. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayofanya kazi, na diski ya ofisi kama yetu ina majina, simu na vielelezo vya umiliki vya watu ambao hawajui kabisa kwamba vimekaa katika karakana ya Kariakoo. Nilipouliza, fundi alisema nakala hutunzwa kwa muda mfupi mpaka mteja athibitishe, kisha hufutwa. Niliomba ifutwe mbele yangu baada ya kukagua, naye alifanya hivyo bila kinyongo, kwa kuandika sifuri kwenye diski ya kazi. Ningependa ahadi hiyo iwe kwenye fomu, na ifanyike kwa kila mteja pasipo kuombwa.

Bei haikunishtua. Uchunguzi wa mwanzo ni Sh 20,000, zinazokatwa kwenye malipo ya kazi kama mteja ataendelea, na kunakili na kuokoa taarifa za diski ya ukubwa wa yetu kulitugharimu Sh 180,000, mbali na diski mpya ya kuwekea. Tulilipa kwa Lipa Namba na tukapewa risiti ya EFD bila kuidai. Diski ya zamani walitukabidhi ikiwa imeandikwa kwa wino mwekundu juu ya kasha kwamba isitumike tena, ingawa wangeweza kuifomati na kutuambia imepona.

Anayetaka kwenda afike asubuhi kabla ya saa nne, kwani baada ya hapo foleni ya wenye diski za kamera huwa ndefu, na Jumamosi Mtaa wa Aggrey haupitiki kwa gari. Basi la mwendokasi hadi Gerezani na kutembea kidogo ni rahisi zaidi. Abebe waya na adapta iliyokuja na diski, pamoja na diski nyingine tupu yenye ukubwa uleule au zaidi, maana pale huuzwa ghali kidogo kuliko maduka ya chini. Namba ya mfululizo iliyo nyuma ya kasha aipige picha kabla ya kuikabidhi. Na kama diski inagonga, asiichomeke tena kwenye kompyuta yoyote, hata ya jirani, mpaka fundi aisikilize.